Taurati, Agano la Wana wa Israil na Kurejea kwa Mwenyezi Mungu: Ufafanuzi kwa Waislamu wa Ntalikwa na Tabora

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata uongofu wao hadi Siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa Ntalikwa, moja ya kata za Manispaa ya Tabora, wametuuliza kuhusu Taurati. Wanaishi na majirani Wakristo, wanazikana, wanaoleana, na baadhi yao wana shangazi na wajomba wasio Waislamu. Kwenye misiba na harusi husikia vitabu vya Musa vikisomwa: habari za agano, za kumwabudu Mungu mmoja, na za Israeli kumrudia Mungu baada ya kuasi. Maswali yao ni manne. Je, hiyo ndiyo Taurati tunayoiamini? Je, inafaa Muislamu kuisoma? Agano hilo linawahusu nani leo? Na Muislamu afanye nini inaposomwa naye yupo?

Tumeona tusijibu kwa mstari mmoja mmoja. Tutaeleza kwanza yaliyomo, kisha mizani ya wanazuoni wetu, kisha hukumu, na mwisho funzo linalotuhusu sisi wenyewe.

1. TAURATI NI NINI, NA HUSOMWAJE?

Kuamini vitabu vya Mwenyezi Mungu ni nguzo ya imani. Taurati ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Musa (A.S.), na Qur'an (5:44) inakisifu kuwa ndani yake mna uongofu na nuru. Asiyeamini kwamba Mwenyezi Mungu alimteremshia Musa kitabu, imani yake haijatimia.

Mayahudi wanapotaja Taurati, kwanza hukusudia vitabu vitano ambavyo katika Biblia ya Kiswahili huitwa Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu na Kumbukumbu la Torati. Wamevigawa katika sehemu 54, na kila Jumamosi husoma sehemu moja katika sinagogi, wiki nyingine mbili kwa pamoja, ili mwaka ukiisha wawe wamemaliza na kuanza upya. Kila sehemu huitwa kwa neno lililo mwanzoni mwake. Anayejua namna Waislamu wanavyoigawa Qur'an katika juzuu 30 na kuihitimu katika Ramadhani hatapata tabu kuelewa mpangilio huo.

Sehemu zinazohusu maswali ya ndugu zetu ni hizi:

(a) Mishpatim (Kutoka 21 hadi 24): sheria, na kufungwa kwa agano mlimani.

(b) Ki Tisa (Kutoka 30 hadi 34): kuabudiwa kwa ndama, na toba.

(c) Behukotai (Walawi 26 na 27): baraka kwa wenye kutii na adhabu kwa wenye kuvunja agano.

(d) Vaethanan na Ekev (Kumbukumbu la Torati 3 hadi 11): upweke wa Mungu na wajibu wa kumpenda na kumtii.

(e) Nitzavim (Kumbukumbu la Torati 29 na 30): kaumu nzima inasimama kulipokea agano, na wanaelezwa kwamba wakiasi kisha wakarejea, Mungu atawapokea. Sehemu hii husomwa kabla ya mwaka mpya wa Kiyahudi, katika siku ambazo kwao ni za toba.

2. TAURATI ILIFIKAJE KWENYE KISWAHILI NA TABORA?

Wengi hudhani vitabu vya Musa viliingia katika Kiswahili bila mkono wa Muislamu. Sivyo. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akiwa Mombasa, na aliyemsaidia ni mwanachuoni Muislamu, Sheikh Ali bin Muhidin. Ndiyo maana maneno ya dini yaliyomo katika Biblia ya Kiswahili, kama vile nabii, toba, dhambi, sadaka na ibada, ni maneno ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wakiyatumia tayari. Tafsiri inayotumika zaidi makanisani, ya Union, ilitoka mwaka 1952.

Huku bara, njia ya misafara ndiyo iliyoleta yote. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikaa Kazeh, Unyanyembe, kabla Burton na Speke hawajafika mwaka 1857. Uislamu ulifika na misafara hiyo, na baadaye tariqa ya Qadiriyya ikapata wafuasi wengi Tabora na Ujiji. Mapadri Weupe walipita njia hiyo hiyo na kufika Tabora mwaka 1878. Leo Kipalapala kuna seminari kuu ya Kikatoliki. Wamoraviani nao wana historia ndefu Urambo na Tabora. Basi kwa watu wa Tabora, kukaa karibu na wanaosoma vitabu vya Musa ni jambo la tangu enzi za mababu, na hekima ya kuishi nao hapo haikuanza leo.

Wapo pia Waafrika wenzetu wanaoisoma Taurati kama Mayahudi. Karibu na Mbale, Uganda, kuna jamii ya Abayudaya. Asili yao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, ambaye mwaka 1919 alishika dini ya Kiyahudi baada ya kuvisoma vitabu hivyo mwenyewe, akatahiriwa yeye na wanawe. Alifariki mwaka 1928. Wakati wa utawala wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, lakini walibaki. Mwaka 2008 kiongozi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja ya urabi Marekani. Mji huo huo wa Mbale ndio wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988. Tumeitaja jamii hii kwa sababu wapo Waislamu wanaodhani kwamba kila Myahudi ni mgeni wa mbali. Hawa ni majirani wa Waislamu, wanalima na kwenda sokoni pamoja nao.

3. AGANO KATIKA TAURATI NA KATIKA QUR'AN

Agano ni ahadi nzito yenye pande mbili. Watu wa njia ya misafara hawahitaji maelezo marefu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekubali mzigo wa frasila mbili kwenda Bagamoyo alijifunga, na mwenye msafara naye alijifunga kumlisha na kumlipa. Watemi na wasafiri walichanjiana damu wakawa ndugu, kama Mtemi Mirambo alivyofanya na Stanley mwaka 1876. Uislamu haukubali kunywa damu, kwa kuwa damu ni haramu. Lakini kutimiza ahadi ni faradhi, na Waswahili tunasema ahadi ni deni.

Katika Kutoka 24 inaelezwa kwamba Musa aliwasomea watu kitabu cha agano, wakaahidi kufanya yote, kisha akawanyunyizia damu ya wanyama waliochinjwa. Qur'an haitaji damu. Inataja mlima ulioinuliwa juu yao na amri ya kukishika kitabu kwa nguvu (2:63), na inataja viongozi kumi na wawili walioteuliwa (5:12).

Masharti ya agano hilo yameorodheshwa katika Qur'an (2:83): wasimwabudu yeyote ila Mwenyezi Mungu, wawatendee wema wazazi, jamaa, mayatima na masikini, waseme na watu kwa uzuri, wasimamishe swala na watoe zaka. Aya inayofuata inaongeza kwamba wasimwage damu zao wala wasitoane majumbani mwao. Atakayefungua Kumbukumbu la Torati 5 na 10 atakuta mengi ya hayo: Mungu mmoja, wazazi waheshimiwe, yatima na mjane watendewe haki, mgeni apendwe.

Kuna jambo la tatu ambalo vitabu vyote viwili vinaliafiki, nalo ni kwamba agano lilivunjwa. Taurati yenyewe inashuhudia hivyo: katika Kumbukumbu la Torati 31 Musa anawaambia kaumu yake waziwazi kwamba watapotoka baada ya kifo chake. Qur'an (2:93) inasema kwamba walipotakiwa wasikilize, walisema wamesikia na wameasi. Baadhi ya wafasiri wamesema hayo waliyatamka kwa ndimi, na wengine wamesema vitendo vyao ndivyo vilivyosema. Mkabala wake ni waumini wa umma huu wanaosifiwa mwishoni mwa Suratul Baqara (2:285) kwamba walisema wamesikia na wametii.

Hata hivyo Qur'an haikuwaweka wote kapu moja. Inasema si wote sawa (3:113), na kwamba miongoni mwao wapo wanaosimama usiku wakisoma aya za Mwenyezi Mungu. Muislamu anayewatukana Mayahudi wote kwa jumla, waliopita na waliopo, anaiacha aya hii.

4. IBADA: MUNGU MMOJA ASIYE NA MSHIRIKA

Kiini cha sehemu ya Vaethanan ni Kumbukumbu la Torati 6:4, tamko la kwamba Mungu ni mmoja, ambalo Mayahudi hulisoma asubuhi na jioni kila siku. Hapa msomaji wa Tabora apate faida moja ya kuzungumza na majirani zake Wakristo: Injili ya Marko (12:29) inaeleza kwamba Nabii Isa (A.S.) alipoulizwa amri iliyo kuu, alianza na tamko hilo hilo. Basi kwa vitabu wanavyovisoma wao wenyewe, mwito wa Musa na Isa ni upweke wa Mwenyezi Mungu.

Swala pia ilikuwepo. Musa alipoitwa mara ya kwanza penye moto, aliamrishwa asimamishe swala kwa ajili ya kumkumbuka Mola wake (20:14). Na yeye na Harun waliamrishwa wazifanye nyumba zao kuwa mahali pa ibada huko Misri (10:87). Kufunga kulifaradhishwa kwa waliokuwa kabla yetu (2:183). Mtume (S.A.W.) alipofika Madina na kuwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura kwa kushukuru Musa kuokolewa na Firauni, alisema Waislamu wana haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha ifungwe. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.).

Tofauti zipo na hazifichwi. Sheria zao za Sabato na kafara za wanyama si sheria zetu. Kibla chetu ni Al-Kaaba. Kila umma ulipewa sheria yake na njia yake (5:48), na msingi wa wote ni tauhidi.

5. KUREJEA KWA MWENYEZI MUNGU

Katika Kumbukumbu la Torati 30 neno la Kiebrania lenye maana ya kurudi linakaririwa mara nyingi. Kaumu iliyoasi ikatawanywa, ikikumbuka na kumrudia Mungu kwa moyo wote, Mungu naye atawarudia kwa rehema. Toba kwa Kiebrania huitwa teshuva, maana yake kurudi. Kwetu ni tauba, na maana yake ya asili ni hiyo hiyo.

Qur'an inaonesha kurejea huko kwa namna ya kugusa moyo. Baada ya kosa la ndama, Musa aliwateua watu sabini, na katika dua yake (7:156) alimwambia Mola kwamba wao wamerejea Kwake. Neno lililotumika hapo kwa Kiarabu ni hudnaa, na baadhi ya wanazuoni wamesema jina Yahudi limetokana nalo: waliorejea. Kama ni hivyo, jina lao lenyewe ni ukumbusho wa toba.

Masharti ya toba nayo yanakaribiana sana. Imam An-Nawawi ameyataja katika Riyadhus Salihin: kuiacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutorudia. Ikiwa dhambi inahusu haki ya mtu, linaongezeka sharti la nne, kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Mwanachuoni wa Kiyahudi Musa bin Maymun, aliyeishi Misri zama za Salahuddin na kufariki mwaka 1204, ameandika vilevile kuhusu kuacha, kujuta, kuungama kwa Mungu na kuazimia, na kwamba dhulma kwa mwanadamu haifutiki mpaka aridhishwe aliyedhulumiwa.

Sasa tuje kwenye swali zito: je, kurejea huko ni kurejea kwa Mungu au kurejea katika ardhi? Katika Kumbukumbu la Torati 30 yote mawili yametajwa, lakini mpangilio wake ni kumrudia Mungu na kumtii kwanza. Walawi 18 na 20 zinaeleza kwamba ardhi yenyewe huwatapika wanaoitia unajisi. Ardhi katika Taurati haikutolewa bila sharti. Qur'an nayo inasema hivyo. Ibrahim (A.S.) alipoombea uimamu uwafikie dhuria zake, alijibiwa kwamba ahadi ya Mwenyezi Mungu haiwafikii madhalimu (2:124). Na katika Suratul Israa (17:8), baada ya kuelezwa uharibifu wao mara mbili na adhabu zake, Wana wa Israil wanaambiwa kwamba huenda Mola akawarehemu, na wakirudia uharibifu, adhabu nayo itarudi.

Kwa hiyo anayesema kwamba dola fulani ya leo ina haki ya kumtoa mtu nyumbani kwake, au kumwaga damu ya mtoto, kwa sababu ya agano la Musa, hana hoja katika Qur'an wala katika sehemu hizo za Taurati. Agano lenyewe ndilo lililokataza dhulma. Siasa ya "kurejea" ina historia yake nyingine, na imeigusa hata Afrika Mashariki: mwaka 1903 Waingereza walipendekeza kuwapa Wazayuni ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, Kenya, na mkutano wao mkuu ukaikataa mwaka 1905. Wenyeji wa ardhi ile hawakuulizwa.

Vilevile haifai kumchukia Myahudi wa Mbale au wa Nairobi kwa jambo ambalo hakulitenda. Qur'an (60:8) haituzuii kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

6. MIZANI YA WANAZUONI

Je, vitabu vitano vilivyopo leo ndiyo Taurati aliyoteremshiwa Musa? Qur'an inaeleza kwamba wapo walioyapotosha maneno (5:13) na walioandika kwa mikono yao kisha wakadai yametoka kwa Mwenyezi Mungu (2:79). Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kiasi cha upotoshaji huo. Wapo waliosema maneno mengi yamebadilishwa, na Ibn Hazm ni miongoni mwa waliokuwa wakali hapa. Wapo waliosema kilichobadilishwa ni maana na tafsiri. Na wapo walioshika kati, kwamba maneno machache yamebadilishwa na mengi yamebaki. Ibnul Qayyim amezitaja kauli hizi tatu.

Kwa matumizi ya kila siku, inatosha mizani ambayo Ibn Kathir ameitaja mwanzoni mwa tafsiri yake:

Kwanza, linaloafikiana na Qur'an. Hilo tunalisadiki. Mfano, Kumbukumbu la Torati 24:16 inasema mtoto asiuawe kwa kosa la baba. Qur'an (53:36-38) inatuambia kwamba katika vitabu vya Musa mlikuwa na fundisho kuwa mtu habebi mzigo wa mwingine.

Pili, linalopingana na Qur'an. Hilo tunalikataa. Mfano, Kutoka 32 inasema Harun ndiye aliyetengeneza ndama. Qur'an (20:85-95) inamtakasa Harun, inaeleza kwamba aliwakataza, na inamtaja Samiri kuwa mpotoshaji. Mfano mwingine ni maelezo ya Mungu kupumzika siku ya saba. Qur'an (50:38) inasema hakuguswa na uchovu wowote.

Tatu, lisilothibitishwa wala kukanushwa, kama vile majina ya wale viongozi kumi na wawili. Hilo hatulisadiki wala hatulikadhibishi. Ndivyo alivyoelekeza Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyopokewa na Bukhari, pale Mayahudi walipokuwa wakiisoma Taurati kwa Kiebrania na kuwafasiria Waislamu kwa Kiarabu.

7. MAJIBU YA MASWALI

Swali la kwanza: Je, kinachosomwa kwa majirani ndiyo Taurati tunayoiamini?

Jibu: Ndani yake mna mabaki ya Taurati ya Musa, na mna yasiyokuwa yake. Tunaiamini Taurati kama ilivyoteremshwa, na tunayapima yaliyopo kwa mizani tuliyoitaja.

Swali la pili: Je, inafaa Muislamu kuisoma?

Jibu: Inategemea msomaji na kusudio lake. Asiyeijua dini yake vizuri asianze huko. Aanze na Qur'an na Sunna. Ibn Abbas (R.A.) aliwakemea waliokuwa wakiwauliza Watu wa Kitabu ilhali wanacho kitabu kipya zaidi kisichochanganywa. Mwenye elimu na imani iliyokita, akisoma ili aelewe, ajibu au awalinganie watu kwa wema, Ibn Hajar ameeleza kuwa kwake inajuzu. Dalili ni kwamba Mtume (S.A.W.) aliagiza Taurati iletwe katika kesi ya zinaa, na Abdullah bin Salam (R.A.), aliyekuwa mwanachuoni wa Kiyahudi kabla ya kusilimu, akamwambia msomaji anyanyue mkono wake alioufunikia aya. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Asingeweza kumkosoa kama hakuijua.

Tena haifai kuidhalilisha Biblia ya jirani, kuitupa au kuichana. Mna ndani yake jina la Mwenyezi Mungu na habari za Mitume wake. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa Taurati akaiwekea mto aliokuwa ameukalia.

Swali la tatu: Agano hilo linamhusu nani leo?

Jibu: Agano la kumwabudu Mwenyezi Mungu peke yake ni la wanadamu wote, Qur'an (7:172) inaeleza kwamba lilichukuliwa kwa kizazi chote cha Adam. Agano la sheria ya Musa lilikuwa la Wana wa Israil, na waliagizwa ndani yake wawaamini Mitume watakaokuja (5:12). Leo mlango wa kulitimiza ni kumfuata Mtume wa mwisho, Muhammad (S.A.W.), aliyetajwa katika Taurati na Injili (7:157). Na umma huu nao una agano lake, tumekumbushwa katika Suratul Maida (5:7).

Swali la nne: Muislamu afanye nini inaposomwa msibani?

Jibu: Kwenda kumzika jamaa au jirani asiye Muislamu, kuwapa pole wafiwa na kusaidia kuchimba kaburi au kubeba maji, hilo ni katika wema, na wengi wa wanazuoni wamelijuzisha. Mtume (S.A.W.) alimwagiza Ali (R.A.) akamzike baba yake, Abu Talib. Na jeneza la Myahudi lilipopita alisimama, akauliza kama hiyo si nafsi. Lakini Muislamu hashiriki ibada yenyewe. Wakati wa masomo na nyimbo akae pembeni kwa adabu na utulivu, asibishane, asicheke, wala asiitikie "amina" kwa dua asizozikubali kiitikadi au za kumwombea maghufira asiyekuwa Muislamu (9:113). Mwenye mama au mama mkwe Mkristo azidishe upole, kwani wema kwa wazazi haukufutwa na tofauti ya dini (31:15).

8. FUNZO KWETU SISI

Wengine husoma aya za Wana wa Israil kana kwamba Mwenyezi Mungu anawasema watu wengine tu, nasi tumesalimika. Qur'an (57:16) inawaonya waumini wasiwe kama waliopewa Kitabu kabla yao, ambao muda ulipowarefukia nyoyo zao zilikuwa ngumu. Na Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba umma huu utafuata nyendo za waliotangulia, shubiri kwa shubiri. Makosa yao yameelezwa ili tusiyarudie.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama: aliyeahidi kwa jina Lake kisha akasaliti, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akafanyiwa kazi yote, asimlipe ujira. Hadithi hii inaitaja historia ya njia ya misafara kana kwamba iliwalenga watu wake. Katika njia hiyo walipita watu huru waliotekwa na kuuzwa, na baadhi ya waliouza na kununua walikuwa wakiswali. Kutoka 21:16 inamhukumu kifo anayemwiba mtu na kumuuza, na Kumbukumbu la Torati 23 inakataza kumrudisha mtumwa aliyekimbia kwa bwana wake. Mwenye kujivunia nasaba ya wenye misafara na kumdharau Mnyamwezi mwenzake kwa asili ya babu yake anapita njia ile ile ya waliodhani kwamba damu ya Ibrahim inatosha bila amali. Waswahili wamesema muungwana ni kitendo.

Na mambo hayo hayakwisha na misafara. Tabora ni mkoa wa tumbaku na asali. Wapo vibarua wanaokuja msimu wa tumbaku kulima, kukata kuni na kukausha majani, na wapo wanaoondoka bila ujira kamili kwa visingizio vya mzani na madeni ya chakula. Mwenye shamba anayeswali safu ya mbele na huku ujira wa kibarua haujalipwa, amevunja agano, hata kama anaijua Suratul Baqara kwa moyo. Katika sehemu ya Nitzavim wanaosimama mbele ya Mungu wametajwa kuanzia wakuu wa makabila hadi mkata kuni na mteka maji. Mkata kuni wa Ntalikwa naye ana haki yake mbele ya Mola wake.

Basi kurejea kuanze na haya: aliyezuia ujira aulipe, aliyevunja ahadi aitimize, aliyemkata shangazi yake kwa sababu ya dini akamjulie hali, na aliyeiacha swala aisimamishe. Mwenyezi Mungu amekataza kukata tamaa na rehema Yake (39:53), na mlango wa toba uko wazi kabla roho haijafika kooni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia na kutii, awasamehe wazazi wetu waliotangulia katika imani, na awadumishie watu wa Ntalikwa na Tabora amani na majirani zao. Amin.

Wallahu a'lam. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.